Deni, Mtoto na Njia ya Nanganga: Funzo la Historia ya Utumwa Kusini mwa Tanzania

Msafiri anayetoka Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga, katika bonde la mto Lukuledi, mahali ambapo njia ya Ruangwa na Nachingwea inachepuka kutoka barabara kuu. Leo ni kituo cha mabasi, bodaboda na wauza korosho. Karne ya 19 bonde hili lilikuwa mojawapo ya njia za misafara iliyoteremka kutoka bara, kutoka nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa, kuelekea bandari ya Lindi. Kilwa nayo ilikuwa na njia zake upande wa kaskazini. Katika njia hizo zilipita pembe za ndovu, na walipita watu. Idadi kubwa ya watu hao walikuwa watoto.

Tunapofundisha historia ya utumwa katika shule zetu, picha tunayowapa wanafunzi ni moja: mgeni mwenye bunduki, kijiji kinachoungua, minyororo shingoni. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni tulivu zaidi, na ndiyo inayotuhusu sisi tunaoishi sasa. Watoto wengi hawakutekwa vitani. Walitolewa mmoja mmoja, kwa deni, kwa njaa, kwa faini ya ukoo, kwa hila ya mtu waliyemfahamu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba anayetaka kuutambua unyonyaji wa watoto wa leo katika Masasi, Newala au popote pengine nchini aanze na nusu hiyo ya pili. Asitafute mnyororo. Atafute deni, na aulize ni nani analilipa.

Kisa cha Swema

Katikati ya miaka ya 1860 msichana mdogo wa Kiyao aliyeitwa Swema alifikishwa Unguja akiwa hoi. Habari zake ziliandikwa na mapadre Wakatoliki waliompokea, na mwaka 1870 zikachapishwa Ufaransa kama kijitabu. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers alikirudia kisa hicho na kukichambua kwa jicho la taaluma.

Baba yake Swema alikuwa amefariki. Mama yake, mjane, alihamia mahali pengine na kuanza maisha upya. Mavuno yalipokosekana, alikopa nafaka kwa jirani. Muda wa kulipa ulipofika hakuwa na kitu, na mdai alichoka kusubiri. Msafara wa wafanyabiashara ulipopita, mdai alimchukua mtoto na kumuuza kwao ili afidie mali yake. Mama hakukubali kutengana na mwanawe, akaomba naye aende na msafara. Njiani nguvu zilimwishia, akaachwa nyuma. Swema alifika Unguja akiwa amedhoofu kiasi kwamba walimdhania amekufa, wakamzika katika kaburi la juujuu. Mpita njia alisikia sauti, akamfukua na kumpeleka misheni.

Kisa hiki kisomwe kwa tahadhari. Kiliandikwa na mmisionari kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya ambao alitaka waguswe na watoe sadaka, na sauti ya mtoto imepita katika mikono ya watu wazima kadhaa kabla ya kutufikia. Hata hivyo, kiini chake, yaani mjane, mavuno mabaya, nafaka ya mkopo na mtoto aliyegeuzwa malipo, kinakubaliana na mengi tunayoyajua kuhusu jamii za pande zote mbili za Ruvuma wakati huo. Tutazame pia ni nani waliotenda. Mdai alikuwa jirani. Hakuvunja mlango usiku wala hakuchoma nyumba. Kwa mantiki ya siku zile, alikuwa anadai haki yake.

Ushahidi wa aina hiyo uko pia katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1887 kwa jina la *Kiungani*. Mhariri wake, A. C. Madan, alikusanya masimulizi ya wavulana waliosoma katika shule ya Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Wavulana wale, kutoka makabila mbalimbali ya bara, walisimulia wenyewe jinsi walivyotoka makwao wakabadilishwa mikono hadi wakafika pwani. Ni miongoni mwa maandiko machache ya karne ile ambamo mtoto wa Afrika Mashariki anapewa nafasi ya kueleza yaliyompata.

Mtu asiye na wake

Wayao, Wamakua na Wamakonde ni jamii ambazo ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa mlinzi wa watoto wa dada zake. Yeye ndiye aliyesimama kwenye shauri lao, aliyewaombea, aliyewatetea. Lakini mamlaka hayohayo yalikuwa na upande wa hatari. Ukoo ulipodaiwa fidia au ulipobanwa na njaa, mkubwa wa ukoo aliweza kumweka mtoto rehani kwa mtu mwenye akiba. Kwa kawaida rehani ilikusudiwa kukombolewa: mtoto angefanya kazi kwa mdai hadi deni lilipwe, kisha angerudi. Pale ukombozi ulipochelewa na biashara ya pwani ikapamba moto, mpaka kati ya rehani na mtumwa ukafutika. Mtoto aliyekwenda kwa muda hakurudi tena.

Ni kitu gani hasa kilichomgeuza mtoto kuwa bidhaa? Ni umbali. Maadamu alikuwa karibu na ndugu zake, alikuwa mtoto wa fulani, na kumdhuru kulikuwa na gharama. Mtumwa, katika maana ya ndani kabisa ya neno hilo katika jamii hizi, alikuwa mtu asiye na wake: hana mjomba wa kumsemea, hana ukoo wa kumdai. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfanyabiashara ilikuwa kumtenga mtoto na wanaomjua, kumvusha mto, kumuuza kwa mwingine, na yule kumuuza kwa mwingine tena, hadi jina la kijiji chake lisimaanishe chochote kwa wanaomsikia. Nawaomba maofisa wa ustawi wa jamii na wanaharakati mlisome tena jambo hili, maana ni alama ya kwanza ya unyonyaji hata leo. Mtoto hunyonywa kwa urahisi pale ambapo hakuna mtu wake anayeweza kufika mlangoni na kuuliza habari zake.

Sheria zilipokuja

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Manowari za Uingereza zilizidisha doria. Je, biashara ilikoma? Kwa muda ilibadili njia tu. Misafara iliyokuwa ikipakia watu majahazini Kilwa ilianza kuwatembeza kwa miguu kando ya pwani kuelekea kaskazini. Ilibidi mwaka 1876 Barghash atoe amri nyingine za kuzuia misafara ya nchi kavu.

Baada ya hapo, sheria zilifuatana polepole mno. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897. Wajerumani, waliotawala Tanganyika, hawakuufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Ni Waingereza waliokuja kuufuta utumwa Tanganyika kisheria mwaka 1922. Kwa hesabu hiyo, katika vijiji vya Masasi na Newala wako wazee ambao babu au bibi zao walizaliwa wakati mtu angali anaweza kumilikiwa. Ndiyo maana katika baadhi ya familia suala la nani alitoka wapi bado huzungumzwa kwa kunong'ona.

Funzo la hamsini hizo za miaka, kati ya 1873 na 1922, ni kwamba marufuku peke yake huziba mlango mmoja. Hitaji la kazi ya bei rahisi likiendelea kuwapo upande mmoja, na dhiki ikiendelea kuwapo upande mwingine, njia mpya hupatikana, na mara nyingi hupewa jina jipya.

Waliookolewa na wakombozi wao

Watoto na watu wazima waliokamatwa na manowari hawakurudishwa makwao. Waligawanywa kwa misheni na kwingineko. Wavulana wa UMCA walipelekwa Kiungani, wasichana Mbweni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la zaidi ya 50 ya watu waliokombolewa, akitaka kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, nchi ambayo wengi wao walitokea. Hawakufika. Walipiga kambi chini ya majabali ya Masasi, na hapo ukazaliwa mji wa misheni ambao kizazi cha leo kinaujua kwa shule na hospitali zake.

Makazi hayo hayakuwa salama. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, waliishambulia Masasi. Baadhi ya watu walioonja utumwa mara moja walitekwa tena. Misheni ikahamishia nguvu zake Newala kwa miaka kadhaa, chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Kiyao.

Kati ya watoto wa Kiungani alitoka Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni. Alisoma, akapelekwa Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Alifanya kazi Chitangali, miongoni mwa Wayao wenzake. Mtoto aliyeondoka nchi hii kama mali alirudi kama mwalimu wa watu.

Tumheshimu Majaliwa na tuwatambue waliomfundisha. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza swali la pili: waliookolewa waliulizwa wanataka nini? Kwa sehemu kubwa, hapana. Watu wengine ndio waliowachagulia makazi, kazi, dini na jina, na kwa wasichana wengi hata mume. Wema wa wakombozi ulikuwa wa kweli, na mtoto aliendelea kuwa mtu anayeamuliwa. Hadi leo tunafanya hivyo. Tunamtoa binti katika nyumba alikoteswa, tunampeleka kituoni, tunampiga picha, kisha faili linafungwa. Kumtafuta mjomba, shangazi au bibi yake, na kumuuliza mtoto mwenyewe kama huko ni salama, ni kazi ndefu isiyo na picha. Ndiyo kazi yenyewe hasa.

Kutoka nafaka hadi korosho

Sasa tuiache karne ya 19 na kurudi Nanganga ya leo. Uchumi wa Masasi, Newala na Tandahimba unategemea korosho. Fedha huja kwa msimu, kuanzia Oktoba hivi hadi mwanzoni mwa mwaka, kisha miezi ya dhiki hufuata, wakati chakula cha mwaka uliopita kimeisha na kipya bado shambani. Katika miezi hiyo ndipo kangomba hustawi: mwenye fedha humpa mkulima pesa au chakula, naye huahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei ambayo isingekubalika mnadani. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Haijafa, kwa sababu njaa ya Februari haisubiri mnada wa Oktoba.

Sisemi kwamba mnunuzi wa kangomba huchukua watoto wa watu. Nasema kwamba deni la kaya halibaki kwenye daftari. Hushuka ngazi, kutoka kwa baba hadi kwa mama, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Kijana wa darasa la sita huacha shule akapalilie mashamba ya wengine. Binti hukabidhiwa kwa "shangazi" anayeishi Dar es Salaam kwa ahadi kwamba atasomeshwa cherehani. Mwingine huozwa, na mahari huziba pengo. Katika kila hatua neno linalotumika ni zuri: kusaidiwa, kulelewa, kusomeshwa, kustiriwa.

Hapa ni lazima tutofautishe mambo, tusije tukawakosea wazazi wengi waadilifu. Mtoto anayeokota korosho na mama yake Jumamosi na Jumatatu yuko darasani, hanyonywi. Anajifunza kazi ya kwao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na anayezidi umri huo inamruhusu kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo. Kulea mtoto wa ndugu pia ni utamaduni wetu wa heri, na wengi wetu tuliosoma tulisoma kwa hisani hiyo. Basi tutajuaje kwamba malezi yamegeuka utumishi?

Historia inatupa maswali manne. La kwanza: je, kuna deni au malipo nyuma ya safari ya mtoto huyu? La pili: je, ndugu zake wanajua nyumba aliyomo, na wanaweza kuongea naye bila mwenye nyumba kusikiliza? La tatu: jasho lake linaingia mfuko wa nani? Binti anayeamka alfajiri, akalea watoto wa wengine waende shule ilhali yeye haendi, na mshahara wake, kama upo, ukapokewa na aliyemleta, halelewi, hata kama anaitwa "mtoto wa nyumbani". La nne: je, anaweza kuondoka? Mtoto wa ndugu huweza kusema "nataka kurudi kwetu" akarudi. Akitishwa, akifichiwa nauli au akiambiwa alipie kwanza gharama za kuletwa, hapo tumeiona tena rehani ya miaka ya 1860.

Ukubwa wa tatizo si wa kukisia. Utafiti wa Taifa wa utumikishwaji wa watoto wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa watoto milioni 4.2 wa Tanzania Bara wenye umri wa miaka 5 hadi 17, yaani asilimia 28.8, walikuwa katika utumikishwaji. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba, na nyumba nyingi zina majirani.

Mila na wenye mila

Kila mjadala wa watoto wa kusini ukianza, kidole huelekezwa kwenye jando na unyago. Ni kweli kwamba baadhi ya mafunzo humwambia binti wa miaka kumi au kumi na mbili kuwa amekuwa mtu mzima, na wako watu wazima wanaolisikia hilo kama ruhusa. Jambo hilo lisifumbiwe macho. Lakini anayedhani dawa ni amri kutoka wilayani aisome historia ya Masasi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, anakumbukwa kwa jando la Kikristo, ambalo lilihifadhi heshima ya sherehe na kubadili baadhi ya yaliyomo. Kazi hiyo isingewezekana bila mapadre na walimu Waafrika waliokuwa wamepitia jando wao wenyewe. Mila ilikubali kubadilika kwa sababu wenye mila walikaa mezani. Kungwi akishawishika kwamba binti hafundishwi mambo ya ndoa kabla ya umri, neno lake litapokewa katika nyumba ambazo bango la kampeni halijawahi kufika.

Tufanye nini

Sheria tunazo. Ipo ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo Oktoba 2019. Tukumbuke tu kilichotokea baada ya 1873. Sheria hufanya kazi pale anapokuwapo mtu wa kuitekeleza kwenye njia mpya.

Kwa watumishi wa halmashauri, nashauri mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Mosi, mtendaji wa kijiji awe na daftari la watoto wanaoondoka kijijini bila wazazi: nani kamchukua, anampeleka wapi, namba gani ya simu inapatikana. Mfanyabiashara wa karne ya 19 alitegemea mtoto kupotea katika hesabu. Daftari humrudisha ndani ya hesabu. Pili, mwalimu mkuu aangalie mahudhurio ya miezi ya dhiki na ya msimu wa korosho kwa jicho la pekee, na mtoto asiyeonekana kwa wiki mbili afuatwe kwao kabla jina lake halijakatwa. Tatu, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipeleke hoja ya kangomba kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Mkopo wa chakula wenye masharti ya haki mwezi Februari unaweza kumlinda mtoto kuliko semina kumi za Novemba.

Kwa wanafunzi na wanaharakati: ifahamisheni namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, na mjue lilipo dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi cha karibu. Mkimkuta binti kituoni Nanganga akisubiri basi na mtu asiyeweza kutaja jina la mama yake, ulizeni. Swali hilo haliharibu heshima ya mlezi mwema. Atalijibu bila taabu.

Na sisi wenye nyumba mijini, tuliosoma, tunaoandika makala na kuhudhuria warsha, tujikague wenyewe. Mahitaji ya kazi ya bei rahisi, yaliyoivuta misafara kupita bonde la Lukuledi, leo yako sebuleni na jikoni kwetu. Kama kuna mtoto wa mtu anayeosha vyombo vyetu usiku huu, tuanze na swali la nne: akitaka kurudi kwao kesho, nauli anayo?